Maji ya Bustani Yakianza Kutoka Kidogo Kidogo

Kiangazi kimeingia, na vikundi vingi vinamwagilia lengalenga, nyanya na vitunguu kwa pipa na mpira. Swali linarudi kila mwaka: "Pipa limejaa, mbona kule mwisho maji yanadondoka tu?" Kabla ya kutoa feza ya kikundi kununua mpira mwingine, tutafute kwanza ugonjwa uko wapi.

Pima. Toa mpira, weka ndoo chini ya robine ya pipa, uhesabu kwa saa ya simu inachukua muda gani kujaa. Jaza pipa tena, rudisha mpira, ujaze ndoo ile ile kule mwisho. Robine ikitoa polepole, shida iko kwenye pipa. Robine ikitoa vizuri lakini mpira unachelewa sana, shida iko njiani.

Kwenye pipa, fungua kifuniko. Maji yakiongezeka mara moja, hewa ilikuwa haiingii. Toboa tundu dogo kwenye kifuniko, ulifunike kwa kipande cha chandarua ili mbu wasizalie humo. Yasipoongezeka, angalia matope kwenye mdomo wa robine. Maji ya mto yaliyopita machimboni yanabeba udongo mwingi: yaache yatulie, uyachuje kwa kitambaa kabla ya kuyamimina. Lakini maji ya mahali wanapotumia zebaki kukamata dhahabu yasiguse mboga kabisa. Zebaki haiondoki kwa kuchuja wala kwa kuchemsha, na inaharibu ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni.

Kwenye mpira, tembea nao kuanzia pipani. Nyoosha palipokunjika, funga palipopasuka. Palipopanda juu ya tuta hewa hukaa na kuzuia maji. Ulaze mpira uteremke taratibu. Mwishowe fungua ncha yake, uache maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe safi.

Kama yote ni sawa, basi kimo hakitoshi. Kinachosukuma maji ni urefu kutoka uso wa maji hadi bustanini, si wingi wake. Mita 10 za kimo zinatoa bar 1. Pipa lililoinuliwa mita 1 halifikishi hata robo ya hiyo, na nguvu inapungua kadiri maji yanavyoshuka. Kwa hiyo, kile chombo cha kunyunyiza kinachozunguka, ambacho kwa kawaida kinataka bar 1 au zaidi, hakitazunguka kwa pipa lako. Tumia mpira wa matundu madogo ya kudondosha, na umwagilie tuta moja moja badala ya yote kwa pamoja.

Ukiinua pipa, kumbuka litre 200 ni kilo 200. Weka juu ya matofali yaliyojengwa imara, na watoto wasicheze chini yake.

Neno la mwisho: tusivute maji kwa mdomo ili mpira uanze kutoa, wala tusimtume mtoto afanye hivyo. Kipindupindu tunakijua hapa Fizi. Zamisha mpira wote ndani ya pipa mpaka ujae, ziba ncha moja kwa kidole, uishushe chini ya pipa, kisha uachie. Maji yatakuja yenyewe.

Tuonane wiki ijayo.