Injini ina spea, ubongo wa mtoto hauna

WAPO wenye magari ya zamani wanaoamini kuwa petroli ya siku hizi inaua injini, hivyo ni lazima itiwe risasi kama enzi zile. Ni kweli injini nyingine za kale zilitegemea risasi. Lakini kwa upande wa afya, kuirudisha ni kosa, hasa kwenye nyumba yenye mtoto au mama mjamzito.

Risasi ninayozungumzia ni madini, si ya bunduki. Mwaka 1921 huko Marekani, Thomas Midgley aligundua kuwa kiasi kidogo chake kwenye petroli huzuia injini kugonga. Ilikuwa na faida nyingine: masalia yake yalikinga mahali valvu za kutolea moshi zinapokalia. Ndiyo maana gari kama Morris Minor, likikimbizwa sana bila risasi, chuma hicho huweza kulika na injini ikapoteza nguvu.

Tatizo hilo lina tiba. Fundi hufungua silinda hedi na kuweka vikalio vya chuma kigumu. Volkswagen za mgongo wa kobe zilitoka kiwandani zikiwa navyo. Zipo pia dawa za kulinda valvu zisizo na risasi.

Mtoto je? Risasi anayomeza huingia mwilini mwake mara nne hadi tano kuliko kwa mtu mzima. Mwili huidhania kuwa kalsiamu, ukaihifadhi kwenye mifupa na meno. Mama akipata ujauzito, hutoka kwenye mifupa yake na kumfikia mtoto tumboni. Hupunguza akili na umakini wa mtoto, huleta upungufu wa damu na kuharibu figo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Dawa zipo za kuiondoa mwilini sumu ikizidi, lakini haziurudishii ubongo kilichopotea.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, na Algeria ikafunga orodha ya dunia mwaka 2021. Umoja wa Mataifa unakadiria hatua hiyo inazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka. Hatuwezi kuitupa faida hiyo kwa ajili ya valvu.

Kwa hiyo mzazi, ukiwa na gari la zamani, soma lebo ya dawa yoyote kabla ya kuimimina kwenye tangi. Usinunue mafuta ya ndege ndogo kwa ajili ya gari. Mengi bado yana risasi. Masizi ya injini ya kale yasikwanguliwe yakiwa makavu mahali watoto wanapocheza. Yafutwe kwa kitambaa chenye maji. Fundi aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Betri mbovu zisivunjwe nyumbani.

Mtoto aoshwe mikono kabla ya kula, apate maziwa, dagaa na maharage, kwani mwili wenye kalsiamu na madini chuma ya kutosha hunyonya risasi kidogo. Ukihofia kuwa ameigusa, usisubiri dalili, kwa sababu mara nyingi hazionekani mapema. Mweleze daktari, uulize kipimo cha risasi kwenye damu.

Gari la babu litunzwe, lakini lisitunzwe kwa afya ya mjukuu.