Karafuu na zambarau zipimwe Wawi

Mkarafuu na mzambarau ni ndugu. Wataalamu wa mimea wameiweka miti hii katika jenasi moja, Syzygium, na Pemba inayo yote miwili. Yote miwili ni dawa pia: karafuu kwa jino linalouma, mbegu na magome ya mzambarau kwa tumbo la kuhara na kwa kisukari, katika tiba za asili za Bara Hindi na Afrika Mashariki. Tumezoea kuzitetea tiba hizi zote kwa mkupuo au kuzibeza zote kwa mkupuo. Kwa maoni yangu, kila moja ipimwe peke yake, na ipimwe hapahapa kisiwani.

Karafuu imekwishajipatia mashahidi. Mafuta yake kwa sehemu kubwa ni eujenoli, kemikali inayotia ganzi, ambayo madaktari wa meno wameitumia kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kuwait walitangaza kwamba karafuu iliyopakwa kinywani ilipunguza maumivu ya sindano sawa na benzokeni, dawa ya ganzi ya madaktari. Zambarau haikubahatika hivyo. Huko Brazil, katika jaribio lililochapishwa 2004, wagonjwa wa kisukari waliokunywa chai ya majani yake hawakushuka sukari. Waliomeza vidonge vya kisukari, yao ilishuka. Hayo yalikuwa majani tu, na mbegu zina kesi yao.

Najua litakalosemwa: wazee wetu walitumia, wakapona. Neno hilo nalipa uzito wake, lakini halina nguvu sawa kila mahali. Maumivu ya jino mgonjwa huyasikia mwenyewe, na yakitulia anajua. Hapo uzoefu wa wazee ni ushahidi mzuri. Sukari ya damu inaweza kupanda kwa miaka bila mtu kuhisi kitu, huku ikila macho na figo. Wazee hawakuwa na kipimo chake. Tena wao walitafuna karafuu nzima, wala si mafuta yaliyokenekwa, ambayo mtoto akiyanywa hata kidogo yanaweza kumharibu ini.

Wengine wanahofu kwamba utafiti utawapa wageni siri zetu. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa isiyoandikwa popote ni vigumu kuidai ikishachukuliwa, na Zanzibar ina sheria ya tiba asili tangu 2008. Waganga washirikishwe tangu mwanzo. Nyenzo nazo zipo. Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kuna kiwanda cha makonyo ya karafuu kinachokeneka mafuta, na kuna Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa 2000 na kujijengea jina kwa utafiti wa kichocho na minyoo. Jaribio la kwanza halidai mitambo mipya: wagonjwa wa kisukari walioridhia, wakiendelea na vidonge vyao, unga wa mbegu za zambarau uliopimwa kwa gramu, na mganga anayeujua mti akikaa meza moja na daktari.