Bendera ya Polista na Jasho la Mfumaji

Wako waungwana, Ulaya na hata kwetu, ambao wakisikia maneno "biashara ya haki" huona shali iliyofumwa kwa mkono na kadi yenye picha ya mwanamke wa shamba akitabasamu. Hununua, hufurahi, huenda zao. Hatuwalaumu. Lakini haki ya mfumaji haianzii dukani kwa wageni. Huanzia katika daftari la maagizo la Serikali yake mwenyewe, na India imetuonyesha jambo hilo kwa namna ya kusikitisha.

Yafaa ikumbukwe kwamba khadi, yaani kitambaa kinachosokotwa uzi na kufumwa kwa mkono, ilikuwa silaha ya Wahindi dhidi ya viwanda vya nguo vya Uingereza. Ndiyo maana, baada ya uhuru wa 1947, kanuni zilitaka bendera ya Taifa iwe ya khadi. Katika jimbo la Karnataka, chama cha khadi kilichoundwa mwaka 1957, chenye karakana yake Bengeri mjini Hubballi, kilijipatia sifa kwa kazi hiyo. Wengi wa wafanyakazi wake ni wanawake. Na kazi yenyewe haina mchezo: nyuzi za mtande na za mshindio huhesabiwa, rangi hupimwa, na kipande kilichokosewa hukataliwa.

Tarehe 30 Desemba 2021 Serikali ya India ikabadili kanuni: bendera yaweza kutengenezwa kwa mashine, tena kwa polista. Mwaka uliofuata, nchi ilipotimiza miaka 75 ya uhuru, kila nyumba ikahimizwa kupandisha bendera. Soko kubwa namna hiyo likafunguliwa, na mwenye mashine akatangulizwa mlangoni!

Watetezi watasema khadi ni ghali, na mikono haiwezi kutosheleza mamilioni ya nyumba kwa msimu mmoja. Kweli, haiwezi. Lakini je, sherehe ile ilikuja ghafla kama mafuriko? Tarehe yake ilijulikana tangu 1947. Agizo lingeweza kutolewa miaka mitano kabla, uzi ukasokotwa taratibu, na malipo ya kazi yakafika vijijini. Badala yake, Agosti 2022 ikathibitishwa kwamba bendera ya polista nayo haitozwi kodi ya mauzo, sawasawa na ile ya khadi.

Sensa ya wafumaji wa mkono ya India ya 2019-20 iliwahesabu, pamoja na wasaidizi wao, zaidi ya milioni 3.5. Katika kila 100, kama 72 ni wanawake. Karibu theluthi mbili ya kaya zao zilipata chini ya rupia 5,000 kwa mwezi. Shali ya London haiwezi kuziba shimo hilo.

Mwalimu anayewaeleza watoto jinsi Gandhi alivyosokota uzi, na awaeleze pia yaliyotukia Desemba 2021. Na wewe, ndugu afisa ugavi, mikoba ya semina ijayo umemwagiza nani?