Huyo Yupo Tu Nyumbani

Liko neno linaloniudhi: "Huyo yupo tu nyumbani, hana kazi." Husemwa juu ya binti aliyebaki na wazazi. Mama yetu alipopooza upande mmoja, dada yangu ndiye aliyemgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda vya mgongo. Alimnywesha uji amemkalisha wima, maana kiharusi huharibu kumeza, na uji huweza kuingia mapafuni. Muuguzi wa hospitali hulipwa kwa kazi hiyo. Dada yangu alilipwa maswali: ndugu wa mjini walituma fedha kwa simu, kisha wakadai hesabu ya sabuni!

Zanzibar, tangu 2016, Pensheni Jamii humfikia mzee wa miaka 70. Vyema. Lakini anayemwosha mzee huyo je? Dada yangu sasa kiuno hakinyooki, akiba hana.

Kikao cha ukoo kimtengee anayeuguza fungu lake kila mwezi, na kipande cha shamba kiandikwe jina lake wazazi wangali hai. Baada ya matanga kila mtu ana haraka ya basi.