KUPANDA MNYAMA KWATAKA MWILI ULIOLEGEA

Juma hili nataka tuzungumze habari ya kupanda farasi. Najua mtacheka, maana farasi na Mikese ni wapi na wapi? Mwaka 1871 Bwana Stanley, yule aliyekwenda kumtafuta Livingstone, alipita hapa Mikese kwetu na wapagazi na punda, lakini farasi wake wawili walikwisha kufa Kingaru, kabla ya kufika huku. Tena nchi yetu ina mbung'o, nao huleta nagana, maradhi yanayomwua farasi upesi.

Lakini punda wapo. Wafugaji wa Kimasai wa mkoa wetu huwabebesha maji, na vijana hawakosi kuwapanda. Mtazameni kijana wa namna hiyo: magoti ameyabana, mabega yamepanda mpaka masikioni, pumzi ameizuia, fimbo mkononi. Punda anasimama. Kijana anampiga. Punda anaruka, kijana yuko chini, na mkono umevunjika. Halafu lawama zote ni za punda!

Mnyama husikia hata inzi akitua ubavuni mwake, na ngozi yake ikatetemeka. Atakosaje kumsikia mtu mzima aliyekakamaa? Mgongo wa mnyama anayetembea hautulii. Miguu ya nyuma ikipokezana, mgongo huinama kushoto, kisha kulia, na nyonga za aliyempanda hutakiwa kuufuata, sawasawa kama anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Akizikaza nyonga, mnyama naye hukaza mgongo, hatua zake zikawa fupi na za kugongagonga. Basi kijana akazidi kujibana kwa hofu, na mambo yakazidi kuharibika.

Habari hii ni ya zamani sana. Karne ya nne kabla ya Kristo, Mgiriki mmoja, jina lake Xenophon, aliandika kitabu juu ya farasi. Alifundisha kwamba mpandaji asikae kama mtu aliyeketi kitini, bali kama aliyesimama wima na kutanua miguu, na kwamba kutoka magoti kwenda chini miguu ining'inie tu.

Jaribuni nyumbani bila mnyama yeyote. Kaa juu ya benchi gumu, uweke viganja chini ya makalio. Utasikia mifupa miwili. Inama kidogo kushoto, utaona mmoja umelemewa; kisha kulia. Sasa bana magoti na uzuie pumzi: mwili wote umepanda juu, na mifupa ile huisikii vizuri. Toa pumzi polepole, nayo itarudi. Jambo lile ambalo viganja vyako vimelisikia, punda hulisikia mgongoni siku zote.

Walimu wa kazi hii tunao, ila hatuwaiti walimu. Mtazameni mama anayeteremka kutoka milima ya Uluguru na mkungu wa ndizi kichwani. Shingo imenyooka, macho yako mbele, nyonga zinacheza, na mzigo umetulia kimya. Mwaka 1986 wataalamu walitangaza matokeo ya kuwapima akina mama wa Kijaluo na wa Kikikuyu kule Kenya. Waliona kwamba mama aliyezoea aweza kuchukua mzigo ulio sawa na sehemu ya tano ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Mama wa kilo 60 basi, ni kilo 12! Kijana atakaye kujifunza kupanda na aweke ngata na ndoo ya maji kichwani, atembee mpaka maji yaache kumwagika. Wavulana wataona haya, lakini haya ya siku mbili si kitu kuliko mkono uliovunjika.

Na punda mwenye kidonda mgongoni asipandwe kabisa, hata na aliyejifunza haya yote, mpaka kidonda kifunge na manyoya yaote.