Kubaki, Kuondoka na Sheria za Pande Mbili

Mjadala wa kubaki nyumbani au kwenda ughaibuni huanzia kwenye mshahara, na mara nyingi huishia hapo hapo. Anayetaka kuondoka hupiga hesabu ya pauni na dola. Anayetaka kubaki hutaja kodi za nyumba za London na baridi ya Minneapolis. Fedha ni jambo kubwa kweli. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Kenya ilirekodi zaidi ya dola bilioni 4.9 zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio nje, na kwa miaka kadhaa sasa fedha hizo zimeipita chai kama chanzo cha fedha za kigeni. Lakini zipo sheria pia, na uzito wake hujulikana mtu akishafika: sheria za nchi anayoingia, sheria za nchi aliyoiacha, na mazoea ya kutii au kukwepa ambayo amekua nayo. Kabla kipato cha mhamiaji hakijabadilika, hadhi yake mbele ya sheria imekwisha kubadilika pande zote mbili.

Kwenye vikao vya jumuiya, misibani na harusini, hoja inayorudiwa kuliko zote ni kwamba ng'ambo sheria hufuatwa na nyumbani hupindwa. Nusu yake ni kweli. Mlezi wa wazee anayefanya kazi Uingereza ana mkataba ulioandikwa, hati ya malipo kila mwezi, na kima cha chini cha mshahara ambacho mwajiri hawezi kukishusha. Kilichopangwa Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye umri wa miaka 21 na kuendelea. Hahitaji kumjua mtu ofisini ili apate leseni ya udereva. Kwa aliyezoea kuona faili likisogezwa na fedha ya chai, utaratibu huo ni faraja kubwa, na wengi huutaja kabla ya kutaja mshahara.

Nusu inayosahaulika ni kwamba haki hizo zimefungwa kwenye viza, na viza imefungwa kwa mwajiri. Februari 2022 Uingereza iliwafungulia mlango walezi kutoka nje, na maelfu ya Waafrika wakaingia. Machi 2024 walezi wapya wakazuiwa kuja na wenzi na watoto wao. Julai 2025 mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje ukafungwa. Aliyeuza kiwanja ili alipe gharama za safari akitarajia familia imfuate alijikuta ndani ya sheria tofauti na ile aliyoisoma alipokuwa akijiandaa. Tena kampuni iliyomleta ikinyang'anywa kibali cha kuajiri wageni, kwa kawaida mlezi hupewa siku 60 atafute mwajiri mwingine mwenye kibali au aondoke nchini, hata kama yeye hajavunja kifungu chochote. Sheria inayofuatwa bila upendeleo inaweza pia kumbana asiye na kosa, na hili halina budi kusemwa waziwazi kwa kijana anayeuliza kama aje.

Marekani ukali uko kwenye muda. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996 inasema kwamba aliyekaa bila kibali kwa zaidi ya siku 180 kisha akaondoka hufungiwa kurudi kwa miaka 3, na aliyepitisha mwaka mzima hufungiwa miaka 10. Lengo lilikuwa kuwatisha watu wasikae kinyume cha sheria. Matokeo yake ni kwamba wengi walioishiwa na viza huogopa kuondoka, maana kuondoka ndiko kunakowasha adhabu. Ndiyo sababu katika kila mji wenye jumuiya kubwa wapo watu waliowazika wazazi wao kwa simu. Jumuiya huchangishana rambirambi, lakini kifungu hakijali msiba.

Nchi za Ghuba zina hali yake. Chini ya mfumo wa kafala, ukaazi wa mfanyakazi huwa mikononi mwa mwajiri. Qatar ililegeza mfumo huo mwaka 2020, ikaondoa sharti la ridhaa ya mwajiri kwa anayetaka kuhama kazi, na Machi 2021 ikaanza kutumia kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi. Mageuzi ya Saudi Arabia ya mwaka huo huo hayakuwagusa wafanyakazi wa majumbani, ambao ndio wengi miongoni mwa wanawake wanaotoka Afrika Mashariki. Kenya ilisitisha kuwapeleka wafanyakazi hao Mashariki ya Kati mwaka 2012, ikarudia mwaka 2014, na wasichana waliendelea kusafiri kwa njia za pembeni, wakiwa na kinga ndogo zaidi kuliko wale waliopitia kwa mawakala waliosajiliwa. Ukimfungia njia mtu mwenye shida, bado atasafiri, ila atasafiri bila ulinzi.

Katika mazingira hayo njia za mkato huzaliwa. Wapo waliojilipua, yaani walioomba hifadhi kwa kujitaja kuwa raia wa nchi yenye vita. Wapo wanaofanya kazi kwa makaratasi ya mtu mwingine. Jumuiya imezoea kuyasema haya kwa sauti ya chini, na si haki kumhukumu mtu bila kujua alichokimbia. Hata hivyo, gharama yake lazima ielezwe. Aliyejitangaza kwa jina na nchi isiyo yake hawezi kukitumia cheti cha shule aliyosoma, kwa kuwa hakina jina lake jipya. Hawezi kwenda ubalozini kwao kuomba hati. Watoto wake hubeba ubini usiojulikana na babu yao, na siku ya mirathi hakuna karatasi inayothibitisha kwamba wao ni wajukuu. Hata akija kupata pasipoti, serikali husika ina uwezo wa kumvua uraia uliopatikana kwa udanganyifu, miaka mingi baadaye. Mwenye hifadhi ya kweli, aliyetoka Kivu au Bujumbura akiwa na makovu, naye huongezewa maswali kwa sababu ya waliomtangulia kwa uongo.

Upande wa nyumbani, nchi za Afrika Mashariki zimelijibu kwa njia tofauti swali la nani ni wa kwao. Katiba ya Kenya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema katika ibara ya 16 kwamba raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Aliyeupoteza zamani naye anaweza kuomba arejeshewe. Uganda, Rwanda na Burundi nazo zinaruhusu uraia pacha. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Tanzania iko upande huo huo: chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtu mzima anayejipatia kwa hiari uraia wa nchi nyingine hukoma kuwa Mtanzania.

Msimamo wa Tanzania haukuanza na diaspora. Baada ya uhuru wa mwaka 1961, wakazi wenye asili ya Asia na Ulaya walitakiwa kuchagua, na hata kabla ya uhuru huo Nyerere alisimama bungeni kupinga uraia wa rangi. Uaminifu kwa nchi, wala si ngozi, ndio uliotakiwa kuwa kipimo. Mwaka 2014, wakimbizi wa Burundi zaidi ya 160,000 waliokuwa nchini tangu 1972 walipopewa uraia wa Tanzania, nao walitakiwa kuukana ule wa awali. Kwa hiyo sheria ina mantiki na ina historia ya heshima. Kasoro yake ni kwamba iliandikwa kwa kuwafikiria wanaoingia na haikuwawazia mamia ya maelfu ambao wangetoka.

Matokeo yake huonekana kwenye meza ya uhamiaji uwanja wa ndege wa Julius Nyerere. Mzaliwa wa Moshi mwenye pasipoti ya Marekani hulipa viza ya dola 100 ili akamwone mama yake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji uliopitishwa na mamlaka husika, hivyo shamba la ukoo huandikwa jina la ndugu. Hapo ndipo migogoro mingi ya jumuiya inapoanzia: nyumba iliyojengwa kwa miaka ya kazi za usiku ina jina la kaka au shemeji, na hakuna mahakama inayoweza kumsaidia kirahisi aliyekwepa sheria kwa makubaliano ya mdomo. Wengine huficha pasipoti mpya na kusafiri kwa ya zamani, wakawa wavunja sheria katika nchi ya pekee ambayo hawakupenda kuivunjia sheria.

Serikali ilichagua njia ya kati, yaani hadhi maalumu, na mwaka 2024 ikawasilisha bungeni muswada wa kurekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi. Hadhi hiyo imekusudiwa kumwezesha mwenye asili ya Tanzania aliyepoteza uraia kuingia, kukaa na kumiliki ardhi kwa masharti. Haimpi kura wala nafasi ya uongozi. Inaondoa kero ya viza na shamba, na hilo ni jambo la kushukuru. Haiondoi jeraha la kuitwa mgeni. Watu wazima wanaweza kutofautiana juu ya ukubwa wa jeraha hilo, lakini wanaolidharau kwa kawaida ni wale ambao hawajawahi kusimama kwenye foleni ya wageni nchini mwao.

Uraia pacha nao haumalizi kila kitu. Kenya inamzuia mwenye uraia wa nchi mbili kushika wadhifa wa ofisa wa serikali anayetajwa na katiba, na sheria ya mwaka 2011 inamtaka atangaze uraia wake wa pili ndani ya miezi 3, la sivyo anakabiliwa na faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3. Haki ya kupiga kura nje ya nchi imo katika katiba, lakini katika uchaguzi wa 2022 walioandikishwa nje hawakufika 11,000, kwa kuwa vituo vilikuwa vichache na mbali. Mtanzania aliye nje, hata mwenye pasipoti halali, hana kituo kabisa.

Kisa kilichoonyesha umbali kati ya katiba na utekelezaji wake ni cha wakili Miguna Miguna, mzaliwa wa Kenya mwenye uraia wa Kanada. Februari 2018, siku chache baada ya kushiriki kumwapisha kiongozi wa upinzani Raila Odinga kama “rais wa wananchi”, alitiwa ndani ya ndege na kupelekwa Kanada wakati mahakama ilikuwa imeamuru afikishwe mbele yake. Machi alirejea, akazuiliwa uwanjani na kuondoshwa tena. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu iliamua kwamba kumfukuza kulikuwa kinyume cha sheria. Aliingia nchini Oktoba 2022, serikali ilipobadilika. Ibara ya 16 haikuguswa hata herufi moja muda wote huo.

Hapo ndipo dai la kwamba Waafrika Mashariki hawapendi sheria linapopaswa kupimwa upya. Februari 2004 kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki zilianza kutumika Kenya: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, abiria 14 na si zaidi, mstari wa njano ubavuni. Matatu zilitii, na abiria walewale waliokuwa wakining'inia mlangoni walifunga mikanda. Waziri alipoondoka wizara hiyo na ukaguzi ukalegea, mazoea ya zamani yalirudi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Sokoni Kariakoo mifuko ile ilitoweka ndani ya siku chache, bila wananchi kuhamishiwa Uswisi. Dereva wa daladala anayepita taa nyekundu Ubungo ni yuleyule anayesimama saa nane za usiku kwenye taa nyekundu ya Birmingham barabara ikiwa tupu. Kilichobadilika ni uhakika kwamba kamera ipo na kwamba faini haina mjomba. Mahali ambapo adhabu huwafika wadogo tu, wakubwa wakapita, kutii kunaonekana ni ujinga, na anayekwepa hufundisha wengine.

Anayefikiria kurudi hukutana na hesabu hiyo hiyo. Akianzisha biashara, kodi inayokadiriwa upya bila maelezo humsumbua kuliko kiwango cha kodi chenyewe. Anayebaki nyumbani na kushinda, na wapo wengi wenye maisha mazuri kuliko wabeba maboksi wa ng'ambo, mara nyingi amefanikiwa kwa sababu ardhi yake ina hati, ndugu zake wako karibu, na anajua mlango gani wa kubisha. Vitu viwili vya mwisho haviwezi kusafirishwa kwenda nje, na mtu akikaa nje muda mrefu huvipoteza hata nyumbani.

Wanaobaki na swali hili baada ya wazazi ni watoto. Mtoto wa Watanzania aliyezaliwa Marekani huwa na uraia wa nchi mbili mpaka afikishe miaka 18, ndipo sheria ya Tanzania inamtaka achague, katika umri ambao wengi hawajawahi kuiona nchi wanayotakiwa kuikana au kuishika. Akiuchagua wa Tanzania, uraia wake ni wa kurithi. Na kwa Sheria ya 1995 mwenye uraia wa kurithi haurithishi kwa mtoto atakayemzaa nje ya nchi. Kizazi cha pili hupewa nafasi ya kuchagua. Kizazi cha tatu hakiulizwi.