Jiko linajua linaumwa wapi, lakini limefungwa mdomo

Wasomaji wangu, leo sina habari za simu mpya wala programu mpya. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni juu ya jiko.

Majiko mengi ya stima ya siku hizi yameacha vile vinundu vya kuzungusha. Yana kibao bapa cha vitufe na kioo kidogo cha tarakimu. Kitufe kimoja kikiharibika, jiko linapiga kelele usiku kucha, oveni inakataa kuwaka, na kiooni inatokea F7, au F1, au F2E0, kutegemea aliyelitengeneza. Ukimpigia wakala, jibu ni lile lile: bodi imekufa, nunua paneli nzima. Mimi nasema jibu hilo ni uvivu, na uvivu huo unatulisha hasara. Jiko lenyewe linajua ni kitufe gani kimeharibika. Limekatazwa tu kusema.

Nimejuaje? Kwa sababu kazi yangu ni kuandika programu, na programu ya vitufe ni somo la mwanzo kabisa. Chini ya kile kibao kuna karatasi mbili za plastiki zilizochorwa njia za wino unaopitisha stima, na katikati yake karatasi ya tatu yenye matundu. Ukibonyeza, karatasi ya juu inagusa ya chini. Njia zimepangwa kwa safu za mlalo na za wima, zote zinaishia kwenye utepe mmoja unaochomekwa kwenye bodi. Chipu inapeleka stima kidogo kwenye safu ya kwanza, inasoma safu za wima, inaenda ya pili, kisha ya tatu, mara nyingi kwa sekunde. Ikiona mlalo wa 3 umegusana na wima wa 2, inajua umebonyeza "Oka".

Sasa mvuke wa mchuzi na sabuni ya kusugulia vikiingia pembeni mwa kibao, njia mbili zinapigana shoti. Chipu inaona kitufe kimebonyezwa na hakiachiwi. Muda ukipita kiasi, programu inasema hakuna mwanadamu anayebonyeza hivi, basi inazima kila kitu. Hapo siwalaumu. Kitufe cha kuwasha oveni kikijibonyeza chenyewe saa nane za usiku, nyumba inaweza kuungua. Kuzima ni haki.

Lakini angalia kilichotokea. Ili kuzima, programu ilibidi ijue mlalo gani na wima gani. Jina la kitufe lilikuwa mkononi mwake. Kisha mtu aliyesoma kama mimi akaandika mstari mmoja wa kutupa habari hiyo na kutuonyesha "F7". Kuongeza tarakimu mbili za safu kungemgharimu dakika kumi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hafichi maradhi yake, anaficha ya jiko lako, na anayeumbuka ni wewe.

Jirani yangu Nakuru anaoka keki za kuuza. Jiko lake lilikwama na F7 wiki ambayo alikuwa na keki za harusi mbili. Wakala hakufungua hata skrubu moja. Alitaja bei ya paneli nzima, karibu nusu ya bei ya jiko jipya, tena isubiriwe kutoka nje. Mama akaniambia, "Kijana wangu, si wewe ulisomea kompyuta?" Nikamtafuta fundi wa redio na TV wa mtaani kwetu, tukaenda pamoja.

Tulizima ile swichi kubwa ya ukutani, tukafungua nyuma, fundi akapima kwa mita kuhakikisha hakuna stima. Akachomoa utepe. Tukarudisha stima bila mtu kugusa kitu ndani na kungoja. F7 haikurudi. Jaribio hilo pekee linatenga mambo mawili: msimbo ukirudi utepe ukiwa nje, bodi ndiyo mbovu; usiporudi, kibao ndicho kibovu. (Bodi nyingine zitalalamika kwa msimbo tofauti kwamba utepe haupo. Huo si ule ule.) Kumbe bodi, kitu ghali kuliko vyote mle ndani, ilikuwa nzima.

Tukazima tena, fundi akapima pini za utepe mbili mbili. Bila kubonyeza chochote, kila jozi inapaswa kuwa wazi. Jozi moja ilikuwa imeungana. Tulibonyeza kitufe kimoja kimoja tukichora ramani kwenye karatasi, na jozi ile ikawa ni ya kipima saa, kitufe ambacho mama hajawahi kukigusa! Kibao peke yake hakiuzwi. Kimegundishwa na paneli. Fundi akatengeneza kibao chake: vitufe sita vidogo vya shilingi ishirini ishirini, vimeunganishwa kwenye pini za kuoka, kupandisha, kushusha, kuanza, kuzima na saa. Keki zilitoka. Lakini tulitumia alasiri nzima kutafuta jambo ambalo chipu ilikuwa inalijua tangu sekunde ya kwanza.

Wataniambia: ni usalama, hatutaki watu wapigwe na stima. Hoja hii ingekuwa na uzito kama siri ingemzuia mtu kufungua jiko. Haimzuii. Inamfanya afungue bila ramani, na hapo ndipo watu huumia. Watasema tena ni siri ya biashara. Siri gani? Mpangilio wa kibao cha vitufe ni wa darasani.

Tazama magari. Marekani ililazimisha kuanzia modeli za 1996 kila gari jipya dogo liwe na mfumo mmoja wa kusoma hitilafu. P0300 ni injini kukosa moto bila mpangilio, awe ameiunda Ford au Toyota. Leo fundi wa Kirinyaga Road ana kifaa kidogo cha kusomea misimbo na anajua pa kuanzia. F7 ya jiko haina maana moja. Kila kampuni na kamusi yake, na kamusi imefungiwa kabatini.

Tena sheria inawezekana. California, tangu 1 Julai 2024, inawataka watengenezaji wa vifaa vya elektroniki na vya nyumbani vya kuanzia dola 100 watoe nyaraka na spea kwa wenye vifaa na mafundi kwa miaka 7. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yake ya ukarabati mwaka 2024. Ina mashine za kufulia na friji, ila oveni haimo kwenye orodha. Na sisi? Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi bidhaa kikamilifu. Jiko linalojua ugonjwa wake na kumficha mwenyewe linamfaidi nani?

Basi nataka mambo matatu, wala si makubwa:

1. Msimbo utaje kitufe. Mlalo na wima, tarakimu mbili.
2. Karatasi ya misimbo na vipimo iwe wazi kwa kila mwenye jiko.
3. Kibao kiuzwe peke yake, mbali na bodi na paneli.

Nawe uliye dukani leo, kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji: kibao hiki kikifa, kinauzwa peke yake? Akikukodolea macho, chukua lile la vinundu.

Na kwa waandika programu wenzangu: siku moja utapewa kazi ya kuandika ule mstari wa mwisho, ule unaomwambia mtu kimeharibika nini. Mwambie.